Mwezi Haumfuati Mtu, Bahari Ndiyo Iufuatayo Mwezi



Wiki hii tumeletewa maswali matatu, na yote yametoka vinywani mwa watoto. Waliotuandikia ni mama zao, na kila mmoja ametuhimiza tufanye haraka, kwa kuwa mtoto amekwisha kupewa jibu moja nyumbani na halikumtosha. Majibu hayo ya nyumbani nayo tumeyasoma. Mawili yametuchekesha. La tatu halikutuchekesha, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Swali la kwanza ni la mtoto wa miaka sita aliyesafiri usiku na mamake kutoka Mombasa kwenda Malindi. Pale Mtwapa aliuona mwezi dirishani. Walipofika Kilifi, mwezi ulikuwa ungali dirishani. Akauliza, "Mama, mwezi nao wenda Malindi?" Mama alikuwa amechoka, na ana mtoto mwingine mapajani. Akamjibu kwamba mwezi humfuata mtoto asiyemaliza uji wake. Jibu hilo lilifanya kazi siku mbili, na uji ulikwisha wote. Siku ya tatu mtoto alikuja na malalamiko: uji ameumaliza, na mwezi bado wamfuata.

Mtoto huyo ana haki yake. Mnazi ulio kando ya barabara uko hatua chache tu kutoka garini, kwa hiyo gari likisogea kidogo mnazi hubaki nyuma. Kilima kilicho mbali hukawia kupita. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi, na safari ya Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Mfano wake ni mtu aliyesimama akitazama taa ya msikiti iliyo hatua arobaini mbele yake, kisha akasogeza kichwa sentimita moja. Taa itakuwa imehama? Haikuhama. Ndivyo ulivyo mwezi. Aendaye Malindi huuona ukienda naye, na aendaye Voi usiku uo huo huuona ukienda naye pia. Haumfuati mtu yeyote. Uko mbali mno hata hatuwezi kuuacha nyuma.

Swali la pili ni la binti wa miaka tisa wa Lamu. Amegundua kwamba mwezi mpevu unapochomoza baharini huwa mkubwa kama sinia ya pilau, lakini ukifika utosini huwa kama kisahani cha kikombe. Ataka kujua ni nani aliyeumega. Nyanya yake alimjibu kuwa mwezi nao hukonda kwa kupanda, kama atakavyokonda kila mtu akipandishwa ngazi kila usiku. Tunamheshimu nyanya huyo, na bila shaka ana ngazi nyingi nyumbani kwake. Ila mwezi haukukonda.

Mwambieni binti anyooshe mkono wake wote, afumbe jicho moja, kisha auzibe mwezi kwa ncha ya kidole chake kidogo. Afanye hivyo mwezi unapochomoza, na arudie baada ya saa tano. Atakuta kidole kile kile chatosha kuuziba mara zote mbili, na kinabaki na nafasi. Kilichobadilika si mwezi, ni hukumu ya macho yetu. Ukiwa karibu na bahari, mashua na minazi, akili huudhani kuwa uko mbali sana, na kitu cha mbali kinachoonekana hivyo lazima kiwe kikubwa. Ukiwa juu peke yake, akili hukosa cha kuulinganisha nao. Jambo hili lilijadiliwa zamani na Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kuishi Cairo, katika kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, karibu miaka 1,000 iliyopita. Tena, mwezi unapochomoza uko mbali nasi kidogo zaidi kuliko unapokuwa utosini. Kwa hakika, basi, ile sinia ni ndogo kuliko kisahani, japo kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukibaini.

Sasa tuje kwa swali la tatu, na hapa twaomba kina mama mtusikilize kwa makini. Kijana wa miaka kumi na miwili wa upande wa Msambweni ameuliza: kwa nini siku nyingine maji hupwa mpaka mwambani, na siku nyingine husogea kidogo tu? Na kwa nini saa ya kupwa haiwi moja kila siku? Jibu alilopewa ni hili: "Usiulize mambo ya bahari. Bahari ina wenyewe."

Kijana huyu, kama mamake alivyotueleza, huenda mwambani na wenzake wakati wa likizo kutafuta pweza. Amepewa hofu, hakupewa elimu. Hofu ya namna hiyo huisha upesi. Mtoto akienda mara ya kwanza akarudi salama, ataona kuwa hao wenyewe hawapo. Mara ya pili ataenda mbali zaidi. Na siku atakayohitaji kujua wakati wa kurudi, hatakuwa na cha kumwongoza.

Basi aelezwe hivi. Mwezi huivuta dunia na maji yake. Upande ulioelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, na upande wa pili huvutwa kwa nguvu pungufu, kwa hiyo maji huinuka pande zote mbili. Dunia ikizunguka, pwani yetu hupitia minuko hiyo miwili, ndiyo maana maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Lakini mwezi nao haukusimama. Wakati dunia inapomaliza mzunguko wake mmoja, mwezi umekwisha kusonga mbele, na dunia yahitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia. Kwa sababu hiyo maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku.

Jua nalo huyavuta maji, ila athari yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na dunia, na nguvu zao husaidiana. Hapo ndipo tunapopata bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo hupingana, nasi tukapata maji mafu.

Tazameni sasa neema iliyomo. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi. Mama anayehesabu siku za kufunga Ayyamul-Bidh, tarehe 13, 14 na 15, anahesabu pia kuja kwa bamvua, bila ya kujua. Bamvua kubwa huangukia siku chache baada ya mwezi mpevu, na tena siku za mwanzo za mwezi mpya. Maji mafu huwa karibu na tarehe 9 na tarehe 23. Na katika siku za bamvua, hapa kwetu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano ya asubuhi, wakati ambao watoto walio likizoni wamekwisha kunywa chai na hawana kazi. Mwamba huwa wazi na jua zuri. Hakuna siku inayowaita zaidi, na hakuna siku ambayo maji hurudi kwa nguvu zaidi.

Kuna hesabu moja tungependa kila mtoto wa pwani aijue kama anavyojua kuhesabu vidole vyake. Maji huchukua kama saa sita kujaa, lakini hayapandi sawasawa. Tuchukue bamvua ya mita tatu. Katika saa ya kwanza maji hupanda robo mita tu, na mtoto huona hakuna jambo. Saa ya pili hupanda nusu mita. Saa ya tatu robo tatu ya mita, na ya nne vivyo hivyo. Kisha hupungua mwendo tena. Anayeipima bahari kwa ile saa ya kwanza hudanganyika. Isitoshe, maji hayaji kutoka mbele peke yake. Huanza kujaza mabonde na mikondo iliyo kati ya mwamba na ufuo, nyuma ya mgongo wa mtoto aliyeinama akichokoa shimo la pweza. Akija kuinua kichwa, mwamba aliosimama ungali mkavu, na njia ya kurudi imekwisha kuzama.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: geuka uanze kurudi kabla maji hayajamaliza kupwa, usingoje yaanze kujaa.

Baadhi ya wazazi huona kuwa kumweleza mtoto sababu za mambo haya kutapunguza haiba ya maumbile, au adabu yake kwa Muumba. Wakumbuke habari ya kupatwa kwa jua siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Watu walisema jua limepatwa kwa sababu ya msiba huo. Yeye, akiwa katika huzuni ya kufiwa na mwanawe, aliwasahihisha. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, bali ni ishara miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Hakuacha watu waamini uongo juu ya mbingu, hata uongo uliomtukuza mwanawe.

Jibu la uji lina kicheko chake, na hatumlaumu mama aliyechoka. Ila kila mzazi ajue jibu lipi ni la mzaha na lipi mtoto atalibeba mpaka baharini. Na asiyejua aseme, "Sijui, mwanangu, njoo tutafute." Neno hilo halimpunguzii mzazi heshima.

Tunawaomba jambo moja. Chukueni kalenda iliyo ukutani, mtie alama siku za bamvua za mwezi huu pamoja na watoto wenu, na muwaache wao washike kalamu.

Wiki ijayo, in shaa Allah, tutazungumza juu ya mtungi: kwa nini maji yake huwa baridi ilhali umewekwa barazani penye joto, na kwa nini mtungi uliopakwa rangi nje hauna faida.

Wabillahi tawfiq.