Kuvuka Daraja Bila Mzigo

Kuna ugonjwa umetushika sisi watu wa Rusumo, Benako, Ngara mjini hadi Biharamulo, nao ni kuamini kwamba mtu mzima hasafiri ila amefiwa, anaumwa, anaoza au anafuata bidhaa. Mwambie jirani yako kwamba Jumamosi unakwenda Kigali, swali lake la kwanza ni "Kwa nani?" Mjibu kwamba huendi kwa mtu, unakwenda kuutazama mji tu na Jumapili jioni utarudi. Atakukazia macho. Ukimpa kisogo atapita nyumbani kwako kuuliza kama una madeni, kama umegombana na mkeo, au kama akili zimeanza kuruka. Mtu akimaliza siku mbili kilabuni haulizwi neno. Akitaka siku mbili za kuona kazi ya Mungu na ya binadamu wenzake, ukoo unaitisha kikao!

Wazee waliosema tembea uone hawakusema tembea ununue. Wakatuachia na neno la pili, kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure, nao walikuwa watu wa miguu, hawakuwa na basi wala daraja la zege. Najua nitajibiwa kwamba mtembezi hula miguu yake. Na aile! Ya mkaaji je, si huliwa na funza?

Na sisi tuna udhuru gani? Tangu Aprili 2016, Rais Magufuli na Rais Kagame walipofungua daraja jipya na kituo cha huduma za pamoja mpakani, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani, mwenye hati yake ya kusafiria anagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja. Kutoka hapo hadi Kigali ni kilometa kama 160 za lami: Kirehe, Kibungo, Kayonza, Rwamagana, umefika. Dereva wa lori kutoka Dar es Salaam amekwisha kula zaidi ya kilometa 1,200 kabla hajatufikia, wala hatumsikii akisema ni mbali. Sisi tunaolala tukisikia ngurumo ya maporomoko ya Kagera tunauona mji huo kama uko Ulaya. Mjerumani von Götzen alitoka pwani huko Pangani, akapita nchi nzima, na mwaka 1894 akaingia Rwanda kwa kuvukia hapa hapa Rusumo. Alikuwa na nia zake, na nia hizo zilitugharimu baadaye, lakini alivuka. Miaka michache baada yake Salim bin Abakari alifika hadi Siberia na kuandika safari yake kwa Kiswahili. Alikwenda amefuatana na bwana wa Kijerumani, hilo nakubali. Ila macho yalikuwa yake.

Tena ninyi watu wa Ngara mmebarikiwa, sema hamjui. Kihangaza chenu na Kinyarwanda ni ndugu wa tumbo moja. Mtu wa Dar akishuka stendi ya Nyabugogo huko Kigali anababaika. Wewe utamsikia mama muuza ndizi akimsengenya mteja, nawe utacheka papo hapo. Na pale Kihangaza kinapokwama, kuna Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Mgeni gani duniani anaingia mji wa ng'ambo na funguo mbili mkononi?

Nasisitiza uende peke yako. Mkienda watano mtaonana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja ana njaa, wa pili anatafuta suruali ya jinzi, wa tatu hataki kupanda mlima, na Kigali yote ni milima. Jua litazama bado mko kwenye mlango wa duka la kwanza. Usisafirie nyota ya mwenzio. Aliye peke yake hana budi kuuliza njia, na kila anayeulizwa ni mwalimu asiyelipwa. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, maana mpaka umekuzawadia hiyo. Ukitaka kuvuka barabara tazama kushoto kwanza, kwa sababu magari ya huko yanapita kulia. Ukiita pikipiki utapewa kofia ngumu uvae, nawe utakuwa abiria pekee. Hakuna mishikaki ya watu watatu kama tunavyopakizana sisi, mtoto akiwa juu ya tangi la mafuta.

Jumamosi nenda Nyarugenge ukaione nyumba ya Richard Kandt, ambayo sasa ni makumbusho. Huyo ndiye aliyeanzisha kituo cha Kigali mwaka 1907, siku ambazo Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Watoto wetu wanakariri habari hizo darasani, na walimu wanaowafundisha hawajawahi kuzigusa hata kuta za nyumba hiyo. Kisha shuka Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Waislamu wa zamani, usikie Kiswahili kikisemwa na watu ambao hawajawahi kuiona pwani. Ingia kwenye duka la maziwa, maana huko maziwa yana maduka yake, watu wakae wanywe, ya moto au ya mgando. Agiza ya mgando. Usianze kuulizia ugali na dagaa. Hivyo umeviacha nyumbani na utavikuta.

Jumapili nenda Gisozi. Hapo naomba tuzungumze kwa adabu. Sisi wa ukingo wa Kagera ndio tulioona mwaka 1994 maiti zikipita chini ya daraja kuelekea Ziwa Victoria. Ni sisi tulioona watu wapatao 250,000 wakivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, tarehe 28 na 29 Aprili, na Benako ikageuka mji wa maturubai. Kule Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Watu wanapanda ndege kutoka Marekani na Japani kwenda kusimama pale kimya. Sisi ambao mto ulituletea habari hizo mlangoni, wangapi tumekwenda? Mahali kama pale ndipo hasa pa kwenda bila mwenzako wa kupiga naye soga.

Na kina mama je? Mwanamke akisafiri na gunia la maharage husifiwa kwamba ni mchakarikaji. Akisafiri na mkoba mdogo, peke yake, kwenda kuona, hubatizwa jina ambalo gazeti halichapi. Wanaume wenzangu, gunia la maharage ndilo linalolinda heshima ya mke wako? Basi heshima hiyo ina bei ya sokoni.

Nisije nikasahau wale wachache waliokwenda. Ukiwauliza walichoona, wote wana jibu moja: "Aisee, kule kusafi!" Basi, habari imekwisha. Na huyo anayekusimulia usafi, basi likishavuka daraja kuja upande wetu, kioo kinafunguliwa, chupa ya maji inaruka, ganda la muwa linafuata. Hili linanikera kuliko yote. Kigali haikusafishwa na malaika. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, maduka yanafungwa, magari yanasimama, watu wanatoka na majembe. Wao wanaita umuganda. Sisi nasi tuna siku yetu ya usafi kitaifa, na ni Jumamosi hiyo hiyo! Tangu Magufuli aliposhika ufagio tarehe 9 Desemba 2015 tumeambiwa, tumesikia. Upande mmoja wa mto jembe linalia, upande wa pili tunachungulia dirishani kama mtendaji anapita. Kwa hiyo ukipanga safari, ama iepuke Jumamosi hiyo usije ukakwama njiani, ama, na hivi ndivyo ningefanya mimi, ifuate makusudi, ulale huko Ijumaa, asubuhi uazime jembe uingie mstarini. Hakuna atakayekufukuza.

Imebaki hoja ya fedha, ambayo ndiyo huletwa mwisho na kwa sauti kubwa kuliko zote. Hatuna. Maisha magumu. Sawa. Lakini ni sisi hawa tunaochangia send-off, kisha harusi, kisha kamati ya kuvunja kamati, kwa bwana harusi ambaye tukikutana naye sokoni hatutamtambua. Anayesema hana nauli ya Kigali na aje na daftari lake la michango ya mwaka huu, tukae, tulijumlishe pamoja.