Kulinganisha Majibu Baada ya Mtihani wa Sayansi

Kengele ya kumaliza mtihani inapolia, wanafunzi hawatawanyiki. Hukusanyika chini ya mwembe au kwenye baraza la darasa na kuulizana: "Ile ya ishirini na tatu umejibu nini?" Mmoja hufurahi, mwingine hushika kichwa, na ubishi huanza. Walimu wengi huyahesabu mazungumzo hayo kuwa kelele, na wako wanaoyakataza kabisa. Sisi tuna maoni tofauti. Katika somo la sayansi, hasa sehemu ya viumbe hai, ubishi huo humpa mwalimu habari ambazo karatasi ya mtihani haiwezi kumpa. Inasikitisha kumwona mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha akijifungia ofisini kuhesabu alama, na huku watoto wanaelezana nje, kwa sauti kubwa, yale hasa anayotaka kuyajua.

Tuutazame mtihani wenyewe. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, maswali mengi ya sayansi ni ya kuchagua. Mtahiniwa husiliba herufi moja kati ya tano, na fomu husomwa na mashine. Mashine haijui sababu. Mtoto aliyefikiri sawasawa na mtoto aliyefumba macho akapata ile bahati yake ya moja kati ya tano hupewa alama ileile. Ni kweli kwamba Baraza huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoonyesha ni wangapi waliochagua kila herufi na sababu zinazodhaniwa kuwapoteza waliokosa. Kila mwanachuo anapaswa kuusoma. Lakini sababu hizo hukisiwa na watu wazima, baada ya watoto kwenda makwao. Chini ya mwembe mtoto mwenyewe yupo.

Chukueni swali la chakula cha mimea. Mtoto mmoja amechagua kwamba mmea hupata chakula chake kutoka katika udongo, na mwenzake amechagua kwamba mmea hujitengenezea chakula katika majani. Msikilizeni wa kwanza anapojitetea: "Mbona shambani tunaambiwa mbolea ni chakula cha mimea?" Hapo pana jambo zito. Mtoto huyu hakulala darasani, na kumbukumbu yake ni nzuri kupita tulivyotaka. Kosa lake limetoka katika shamba la shule, katika maneno ya bwana shamba, pengine katika kinywa cha mwalimu yuleyule aliyefundisha usanisinuru Jumatatu na kusimamia uwekaji wa samadi Jumatano. Mkimwandikia alama ya kosa tu, ataamini kwamba shambani kuna ukweli mmoja na darasani kuna ukweli mwingine, naye atashika ule wa shambani kwa kuwa mahindi yanaonekana kwa macho.

Mtoto wa namna hii anahitaji swali. Kama mti hula udongo, mbona shimo halionekani chini ya mbuyu? Jan Baptista van Helmont, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648 baada ya kufa kwake, aliupima udongo mkavu, kiasi cha kilo 90, akapanda humo mche wa mti na kuumwagilia maji kwa miaka 5. Mti uliongezeka uzito kutoka kilo 2 na ushei hadi kilo 77 hivi, na udongo ulipungua kwa gramu 57 tu au karibu na hapo. Yeye alidhani mti wote umetokana na maji. Hakujua kwamba mmea hutumia hewa ya kaboni dayoksaidi. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuutoa udongo katika kesi, na watoto wa darasa la sita wakipewa tarakimu hizo wanaweza kuutoa wao wenyewe.

Swali la pili ni la buibui. Wanafunzi wengi husema buibui ni mdudu, na katika Kiswahili cha kila siku hawakukosea hata kidogo: mdudu ni nzige, ni tandu, ni kupe, na hata kiini cha ugonjwa huitwa kijidudu. Sayansi imelichukua neno hilohilo na kulibana limaanishe kiumbe chenye miguu 6 na mwili wa sehemu 3. Buibui ana miguu 8. Basi mtoto anayebishana juu ya buibui anabishana juu ya lugha, na mwalimu asiyelitambua hilo atarudia hesabu ya miguu mwaka mzima bila mafanikio.

Wako watakaosema kwamba watoto wakiachwa wabishane wataambukizana makosa. Hofu hiyo ina msingi. Tumesikia mara nyingi mtoto mwenye jibu sahihi akilitupa kwa sababu kinara wa darasa amesema vingine, na wengi wakamfuata kinara. Lakini dawa yake ni kudai sababu. Mwaka 2009 Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha uchunguzi walioufanya katika darasa la jenetiki. Wanafunzi walijibu swali kila mtu peke yake, wakajadiliana, kisha wakajibu jingine la maana ileile, kila mtu peke yake tena. Walifanya vizuri zaidi baada ya majadiliano, na ilielekea kwamba hata makundi ambayo hayakuwa na mjuzi yeyote yalinufaika. Hao walikuwa watu wazima, bila shaka. Watoto wetu wana haya zaidi, na mbele ya mwalimu hunyamaza. Kwa hiyo msiende na majibu mkononi. Kaeni kando, mwulize anayeshindwa, "Wewe ulifikiri nini?", na mliandike jibu lake kama alivyolisema.

Wakati wake pia una kanuni. Mtihani wa taifa huchukua siku mbili, na mtoto anayegundua wakati wa mapumziko kwamba amekosa maswali matano ataingia katika karatasi inayofuata akiwa amevunjika moyo. Hapo mwalimu anayewatawanya ana haki, nasi tunamuunga mkono. Baada ya karatasi ya mwisho, watoto wa darasa la saba huondoka, na lolote mtakalosikia kwao litawafaa wadogo zao. Mtihani wa utamilifu ndio wenye faida kubwa, maana watoto bado ni wenu. Rudisheni karatasi zake kesho yake, kabla ya kuandika alama, wakae wawili wawili na kuelezana. Zikikaa kabatini wiki tatu, mtoto ataiona herufi aliyoichagua na hatakumbuka tena kwa nini aliichagua.