Daftari la Makosa kwa Mwanafunzi wa Kompyuta

Mwezi wa Februari 1874 msafara uliotoka bara uliingia Bagamoyo ukiwa umebeba maiti ya Dk. David Livingstone, aliyefariki mwaka uliotangulia katika kijiji cha Chitambo, ndani ya nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wale, wakiongozwa na Chuma na Susi, hawakubeba maiti peke yake. Walibeba pia madaftari ya marehemu, na kuyafikisha pwani salama. Bila madaftari hayo, mengi yaliyoonwa katika safari ile yangalipotea.

Mwanafunzi wa sekondari huko Mkange, kaskazini mwa Bagamoyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, anapoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, naye huingia safarini katika nchi asiyoijua. Hupotea mara nyingi kuliko anavyofika. Lakini aghalabu haandiki mahali alipopotea. Hufuta kosa, hujaribu tena, na programu ikikubali hushangilia na kusahau. Juma la pili hurudia kosa lile lile kana kwamba hajapata kuliona. Kwa sababu hiyo, kila ajifunzaye kazi hii hana budi kuwa na daftari la tafakuri, na mwalimu hana budi kulitengea daftari hilo nafasi katika kipindi.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha faida yake. Mwanafunzi amepewa vipimo vya mvua vya miezi 12, ambavyo jumla yake ni milimita 960. Aandike programu ya kutafuta wastani wa mwezi mmoja. Kwa kalamu amekwisha kupata 80. Kompyuta inamtolea 74. Asiye na daftari huanza kubadili maneno ya programu ovyo, mpaka bahati imwangukie. Mwenye daftari huandika: "Nilitarajia 80, nimepata 74." Kisha hujiuliza 74 imetoka wapi. Akizidisha 74 kwa 12 hupata 888, pungufu ya 960 kwa 72. Akitazama orodha yake huona kwamba 72 ndiyo mvua ya Desemba. Hapo siri imefichuka: kompyuta haikuuhesabu mwezi wa mwisho. Katika lugha ya Python, amri ya kuhesabu inayotajiwa 1 na 12 huishia 11, kwani kikomo chenyewe hakihesabiwi. Kosa hili humpata karibu kila anayeanza. Atakayeliandika pamoja na sababu yake atalitambua likimjia kwa sura nyingine, hata kama hesabu si ya mvua bali ya mahudhurio au ya alama za mtihani.

Desturi hii si ya wanaoanza tu. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa mashine ya kuhesabu iitwayo Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenasa ndani ya swichi ya umeme. Hawakumtupa tu na kuendelea na kazi. Walimbandika katika daftari la kazi la siku ile na kuandika saa na mahali alipoonekana. Ukurasa huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington. Baadaye Donald Knuth, mtaalamu wa Marekani aliyetunga programu ya kupanga chapa iitwayo TeX, aliweka orodha ya makosa yake mwenyewe kwa miaka kadhaa, na mwaka 1989 akaichapisha yote, zaidi ya makosa 800, ili wengine wajifunze. Kama bingwa hakuona haya kufanya hivyo, mwanafunzi wa kidato cha pili aone haya ya nini?

Wapo watakaosema kwamba saa za kompyuta ni chache na mashine ni chache zaidi, hivyo kuandika daftarini ni kupoteza wakati. Hoja hii ina uzito, lakini hujigeukia yenyewe. Wanafunzi watano wakikaa mbele ya mashine moja, mmoja tu ndiye anayebonyeza. Wanne waliobaki ama watangoja, ama watatabiri kwa kalamu jibu litakalotoka na sababu yake. Daftari halihitaji umeme, na halimngoji mtu zamu. Uchache wa mashine ndio unaofanya daftari liwe la lazima.

Iko hatari moja ambayo mwalimu anapaswa kujihadhari nayo, nayo ni kusahihisha daftari hili kwa unadhifu. Hapa Livingstone anafundisha jambo la pili. Mwaka 1871, alipokuwa Nyangwe katika nchi ambayo leo ni Kongo, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea, na maandishi yakafifia. Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma upya kwa picha za mianga mbalimbali zilizochambuliwa kwa kompyuta. Ikaonekana kwamba maandishi ya siku zile hayalingani katika mambo kadhaa na nakala safi aliyoiandika baadaye, hasa juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake. Nakala safi ilisomeka vizuri. Karatasi chafu ndizo zilizokuwa karibu zaidi na tukio.

Mwanafunzi anayejua kwamba atapewa alama kwa ukurasa usio na doa atafanya vivyo hivyo. Ataandika makosa ya kubuni baada ya kupata jibu, au hataandika kosa lolote. Basi mwalimu na aulize mambo manne tu: ulitarajia nini, ulipata nini, ulidhani sababu ni nini, na ulijuaje kwamba dhana yako ilikuwa kweli au si kweli. Ukurasa uliofutwafutwa uhesabiwe kuwa ushahidi wa kazi. Kosa lililoandikwa kwa uaminifu lisimpunguzie mtu alama hata moja.

Kufanya kosa si kukosa akili. Hasara ni kulilipia kosa moja mara kumi kwa kuwa halikuandikwa mara ya kwanza. Daftari la mistari na kalamu hupatikana katika duka lolote la kijijini. Kilichobaki ni mwalimu kusema siku ya kwanza ya somo, kabla kompyuta haijawashwa: fungueni madaftari.