Nyama Tupu Si Mlo wa Paka

Hebu tuongee ukweli kuhusu hii mambo ya nyama mbichi. Siku hizi kila nikifungua simu naona mtu amemwaga paketi nzima ya chakula cha paka kwenye pipa, amekata steki, amemwekea paka wake kwa sahani, halafu anatuambia ati hiyo ndiyo asili yake. Video inashika. Nanyi mnaniuliza kama mbadilishe pia.

Msimamo wangu ni huu: paka ni mla nyama, hapo hatubishani. Lakini nyama tupu kutoka bucha si mlo, na kumpa ikiwa mbichi hapa kwetu ni kutafuta shida bila sababu. Mimi si daktari wa mifugo. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasomea wanyama. Chuo niliacha, kusoma sijaacha.

Tuanze na pale watu wa mbichi wako sawa. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, na taurini inapatikana kwa nyama na samaki, si kwa unga. Mwaka wa 1987 watafiti wa chuo kikuu cha California kule Davis walionyesha kwamba paka waliokosa taurini walikuwa wanapata ugonjwa wa moyo: moyo unatanuka, unakosa nguvu ya kusukuma damu. Na wengi wa hao paka walikuwa wanakula chakula cha kiwandani. Baada ya hapo ndipo viwanda vikaongeza taurini. Kwa hivyo ukiwa na wasiwasi na paketi, sikucheki. Na sisi tunaomrushia paka ugali na maziwa kila jioni tusijifanye tuko poa. Paka wengi wakubwa hata hayo maziwa hawawezi kuyasaga vizuri tumboni.

Sasa shida iko wapi? Iko kwa hilo neno "asili." Paka wa mtaani hali steki. Anakula panya, na panya anamla na mifupa, moyo, maini na utumbo. Steki ni kipande kimoja tu cha mnyama. Ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Paka akikosa kalsiamu kwa sahani, mwili unaenda kuichukua kwa mifupa yake.

Jirani yangu alikuwa na paka mdogo aliyelelewa kwa nyama ya kusaga peke yake tangu aachishwe kunyonya. Nyama safi, ya pesa nzuri, tena kwa mapenzi. Alipofika kama miezi mitano aliruka kutoka kwa kiti, kiti tu, mguu ukavunjika. Daktari alisema mifupa ilikuwa imekuwa myepesi. Huyo dada hakuwa mkatili. Alikuwa amefuata video.

Na usiseme basi utaongeza maini kila siku. Maini yana vitamini A nyingi mno. Yakizidi kwa muda mrefu, mifupa ya shingo ya paka inaweza kushikana hadi ashindwe kugeuza kichwa.

Tuje kwa ubichi. Nyama ya bucha zetu inauzwa kwa mpango kwamba itapikwa. Inaning'inia dirishani tangu asubuhi, inakatwa kwa gogo moja na ya kila mtu, inafungwa kwa karatasi, inapanda matatu na wewe. Muhuri wa mkaguzi ni muhimu, lakini hauui salmonela. Sufuria ndiyo inaua. Friza nayo inapunguza vimelea vingine, ila bakteria wengi wanalala tu wakingoja joto, na stima yetu unaijua. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja: pale paka anakulia ndipo mtoto anatambaa. Paka akipata toksoplasma kwa nyama mbichi, anaitoa kwa choo chake, na mama mjamzito ndiye anaweza kuumia zaidi.

Hata huko trendi ilikotoka mambo si shwari. Disemba 2024, jimbo la Oregon, Marekani, paka wa nyumbani alikufa kwa homa ya ndege ya H5N1 baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga cha dukani. Hao wana maabara na friza kubwa. Wewe una kibanda na ndoo.

Basi tufanye nini? Ukiweza, acha chakula cha paketi kilichoandikwa kuwa ni kamili kiwe msingi, halafu nyama iwe nyongeza, isizidi sehemu moja kwa kumi. Moyo wa kuku, paja, au omena, vyote vichemshwe bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa paka. Mwekee na ile supu, kwa sababu taurini inaingia kwa maji. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha.

Ukitaka kumpikia kila kitu, sawa, lakini lipa daktari wa mifugo mara moja akupangie vipimo vya kalsiamu na taurini. Ganda la yai lililosagwa linaweza kusaidia, ila kipimo usikikisie.

Na ukibadilisha, badilisha mos mos. Kijiko kimoja ndani ya chakula cha zamani, unaongeza kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Usimwambie paka "atakula akisikia njaa." Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa yule mnene, mafuta yanajaa kwa ini na anaweza kufa. Paka anaweza kukaa na njaa yake huku chakula kiko mbele yake.

Najua "nenda kwa daktari, pima, chemsha" haipati watu kama steki mbichi kwa sahani nyeupe. Lakini paka hawezi kusoma maandishi ya video wala kuchagua nani wa kuamini. Wewe unamchagulia. Mchagulie kama mtu ambaye atabaki naye hata kamera ikizimwa.