Masala Iliyokatwa Katikati



Majuma machache yaliyopita alitujia dada mmoja, amefuatana na mama yake, kuuliza suala la twahara. Ni mwanafunzi wa darasa la akina mama tunalolisomesha kwa mtandao. Ada yake ya mwezi ni siku 7. Mara hii damu haikukatika, wala rangi yake haikubadilika. Akarejea kwenye somo letu, akasoma kwamba upeo wa hedhi ni siku 15, na hapo ukurasa ukaisha. Akaendelea kungoja. Alipotufikia ilikuwa siku ya 20, na siku 4 alizopaswa kuswali zilikuwa zimepita hakuswali.

Hukumu iliyobaki tulikuwa tumeiandika. Tuliitia katika ukurasa wa pili, nao tuliupangia ufunguke juma la pili yake, kwa kuwa wa kwanza tuliuona umekuwa mrefu.

Tuieleze hapa, isije ikakatwa tena. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, damu ikipita siku 15 hujulikana kuwa ndani yake mna istihadha. Mwanamke mwenye ada, ikiwa hawezi kuipambanua damu kwa rangi na sifa zake, hurejea kwenye ada yake. Kwa dada huyu, siku 7 za mwanzo ndizo hedhi, na swala za siku zilizozidi hulipwa. Hukoga, akajihifadhi, akatawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, akaswali. Basi dada yetu ana siku 12 za kulipa. Za siku 8 angezilipa kwa vyovyote, kwani hakuwa na njia ya kujua kabla ya siku ya 15 kupita. Lawama ya hizo 4 ni juu yetu.

Chuoni jambo hili lisingetokea kwa wepesi. Mwalimu akisema siku 15, mmoja katika wanafunzi atainua macho tu, na mwalimu atajua kuwa pana swali. Ukurasa hauoni macho ya mtu. Lililokosekana humo msomaji hana wa kumuuliza saa nne za usiku, watoto wamelala, simu i mkononi.

Vijana wanaotusaidia kwa kompyuta walitushauri kurasa ziwe fupi, na ushauri wao ni sahihi, kwani simu ni ndogo na bando ni ghali. Kosa ni letu sisi tulioukata ukurasa kwa kuhesabu mistari. Sasa tunakata pale masala inapokwisha. Ikianza katika ukurasa, na iishe humo humo, hata kama mifano itapungua. Na kichwa cha ukurasa tunakiandika kwa swali lenyewe, kama vile "Damu ikipita siku 15 nifanye nini?", ili mwenye haja alione upesi.

Kiarabu nacho kina taabu zake. Ukinakili aya na kuibandika katika ukurasa uliopangwa kwa Kiswahili, nukta na mabano huruka upande usio wake, na pale lugha mbili zinapochanganyika katika mstari mmoja, maneno huweza kubadilisha nafasi. Dawa yake ni kuipa aya fungu lake peke yake, na kulipanga fungu hilo kutoka kulia kwenda kushoto. Wengine hukimbilia kupiga picha ya msahafu na kuiweka. Herufi zitasalimika, lakini picha nzito inakula salio la mama wa watu, na simu inayomsomea asiyeona kwa sauti huenda isiisome. Kwa vyovyote vile, aya isitoke mpaka mtu ameisoma herufi kwa herufi, irabu kwa irabu, msahafu ukiwa wazi mbele yake. Na asiwe yule yule aliyeiandika. Matamshi tunayaweka kwa sauti. Video hatuitumii ila pale pa kuonyesha kitendo, kama kutayamamu.

Limebaki la masahihisho. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, karatasi iliyokwisha kutoka mkononi haikurudi; mwenye kukosea katika karatasi hana budi kujisahihisha katika nyingine, watu wote wakaona. Ukurasa wa mtandao waweza kuubadili usiku, na asubuhi ukawa kama haukukosewa kamwe. Tukiri kwamba jambo hilo lilitushawishi kidogo. Lakini aliyesoma jana hajui kwamba leo pameandikwa jingine, na yeye ndiye aliyekwisha kulifanyia kazi.

Kwa hivyo ukurasa tumeuandika upya, na juu yake tumetaja tarehe na lile lililopungua. Wanafunzi wote wa darasa lile tumewapelekea ujumbe, ila tunajua kwamba somo hupitishwa kutoka simu hadi simu, likawafikia tusiowajua. Yeyote aliyelisoma kabla ya masahihisho, na akangoja kama alivyongoja dada yetu, na atujie, au amtume mama yake, au amuulize mwalimu wa kike wa chuo kilicho karibu naye, ahesabiwe siku zake.

Wabillahi tawfiq.