Jembe Si Kiboko

Mwezi wa Februari jua la Bondo huwa kali hata ng'ombe hawataki kuondoka kivulini. Anayepita njiani akiyatazama mashamba makavu aweza kudhani kwamba wakulima wamelala. Kumbe huu ndio wakati wa kazi. Mvua za masika, ambazo sisi Waluo twaziita chwiri, huanza mwezi wa Machi, na katika ukanda wetu wa ziwani hazinyeshi kwa wingi kama zinyeshavyo katika nyanda za juu. Mkulima akichelewa majuma mawili tu, mahindi yake huenda yakaanza kuzaa wakati mvua inaaga.

Niruhusuni, walimu wenzangu, niungame kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi kama huu, mvulana mmoja alichelewa kufika kwenye gwaride la asubuhi. Sikumwuliza sababu. Nilimkabidhi jembe nikamwamuru alime kipande cha shamba la shule huku wenzake wakisoma. Baadaye niliarifiwa kwamba tangu alfajiri alikuwa akimsaidia nyanya yake kubeba samadi kutoka zizini hadi shambani. Nilimwadhibu mtoto kwa kulima kwa sababu alikuwa amelima!

Tangu serikali ilipopiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, katika shule nilizozijua jembe limekuwa mrithi wa kiboko. Mpiga kelele hulima. Aliyesahau kitabu hulima. Yule aliyefanya vyema huachwa kivulini na kalamu yake. Mtoto wa miaka kumi hahitaji kuelezwa maana ya mpango huo. Anajua kwamba kalamu ni tuzo na udongo ni aibu. Kisha twashangaa vijana wetu wakiyapa kisogo mashamba ya baba zao. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Wazee wetu hawakufundisha hivyo. Katika mila ya Waluo kuna golo kodhi, yaani desturi ya kuanza kupanda. Mwenye boma na mkewe mkubwa hutangulia kutia mbegu udongoni, kisha wengine hufuata kwa daraja zao. Desturi hiyo ina kasoro zake, maana mzee akikawia, boma zima huchelewa. Hata hivyo, ndani yake mna fundisho tulilolipoteza: kutangulia shambani ni heshima ya mkubwa, wala si adhabu ya mkosaji.

Huenda mtu akauliza, je, shamba lina somo gani? Tutazame. Chukueni mbegu 100 za mahindi, mzikunje katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya juma moja mhesabu zilizoota. Hiyo ni asilimia, na ni ushauri kwa mzazi kabla hajapanda mbegu mbovu. Pimeni shamba la upana wa mita 15 na urefu wa mita 30. Mkiacha sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mtapata mistari ipatayo 20 yenye mashimo kama 100 kila mmoja. Basi jumla ni mashimo 2,000, na mwanafunzi aweza kukadiria mbegu na samadi itakayohitajika kabla tone la kwanza halijaanguka.

Isitoshe, yuko adui wetu kayongo, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Gugu moja hutoa maelfu ya mbegu, nazo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, huko Mbita, ambako hufikiwa kwa feri itokayo Luanda Kotieno, wanasayansi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE walianza kueneza dawa yake kwa wakulima katika miaka ya 1990. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huchochea mbegu za kayongo kuota, kisha huizuia miche isishike mizizi ya mahindi, ikafa njaa. Nyasi za napia huzungushwa pembezoni ili ziwavute nondo wa viwavi watoboao mashina. Hiyo ni baiolojia na kemia, na maabara yake ni shamba lililo nyuma ya darasa.

Elimu hatuikosi. Bondo, iliyokuwa na chuo cha walimu, tangu 2013 ina chuo kikuu kamili, kile cha Jaramogi Oginga Odinga. Vilabu vya 4-K, ambavyo jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa mwaka 2021. Kilimo kimo katika mtaala wa shule ya msingi ya juu. Lakini mtaala utafaa nini ikiwa saa mbili mwanafunzi anafundishwa kwamba udongo ni uhai, na saa nne anapelekwa kuulima kwa sababu amekosa?

Najua walimu watauliza watawarudi vipi watukutu. Swali hilo ni la haki, kwani darasa la watoto sitini si mchezo. Mkosaji na aitwe mzazi wake, ashauriwe, anyimwe mchezo, afagie alipochafua. Lakini jembe tuliondoe katika orodha ya adhabu. Badala yake, kila darasa lipewe kitalu chake cha mnavu, mgagani na kunde, na mavuno yaingie katika chakula cha mchana cha watoto wenyewe. Na siku ya kupanda, mwalimu mkuu atangulie kutia mbegu, kama afanyavyo mwenye boma.

Nanyi wanafunzi, msione haya kurudi nyumbani na vumbi miguuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yule mvulana wangu nilimwomba radhi mbele ya darasa, nikamtaka awaeleze wenzake jinsi samadi inavyotandazwa. Alieleza vizuri kuliko mimi. Mvua i karibu, nayo haimngoji mwalimu amalize kuadhibu.