Pwani ya Kusini: Lami haikatiki, safari yakatika mpakani

Kwa miaka mingi mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Mombasa akielekea Diani alikabiliwa na mtihani mmoja: feri ya Likoni. Diani iko kama kilomita 30 tu kutoka mjini, lakini foleni ya magari kivukoni iliweza kuchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika 2024, imeondoa kikwazo hicho. Inaanzia Miritini, karibu na stesheni ya reli ya SGR, na kutokea Kibundani, kwenye barabara ya Likoni–Lunga Lunga, bila kugusa feri.

Wanaonufaika ni wenye hoteli, madereva wa teksi na wasafirishaji wa mizigo. Wachuuzi wa Likoni waliotegemea magari yaliyokwama foleni ndio wanaopunguziwa wateja, ingawa abiria wa miguu, ambao huvuka bila malipo, bado wapo.

Upande wa Tanzania, barabara ya Tanga–Horohoro yenye kilomita 65 ilitiwa lami kwa msaada wa Marekani chini ya mpango wa 2008 hadi 2013. Hivyo kutoka Mombasa hadi Tanga, kama kilomita 170, ni lami tupu.

Hata hivyo, watalii wa Diani wanaofika Tanga ni suala jingine. Mkataba wa utalii wa 1985 kati ya Kenya na Tanzania unayabana magari ya watalii ya nchi moja yasifanye biashara ndani ya nchi ya pili, kwa hiyo mara nyingi mgeni hulazimika kubadilisha gari. Viza ya pamoja iliyoanza 2014 inazihusu Kenya, Uganda na Rwanda pekee. Mgeni kutoka nchi nyingi za Ulaya hulipa dola 50 nyingine ili kuingia Tanzania.

Kwa ziara ya siku mbili kwenye mapango ya Amboni au ufukwe wa Pangani, gharama hiyo inatosha kumfanya abaki hotelini. Hasara inaangukia wenye gesti, mashua na migahawa ya Tanga na Pangani, pamoja na miji ya njiani kama Msambweni na Lunga Lunga.

Mradi wa barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo unajumuisha daraja la mita 525 juu ya mto Pangani, litakalowaondolea wasafiri kivuko kingine. Lakini kanuni za mpakani zikibaki zilivyo, manufaa yake kwa wageni wa Diani yatakuwa madogo.